Gari Lililolala Hospitalini

Bondeni, Nakuru

Baba Najwa,

Assalam aleikum. Sisi wazima, sijui joto la huko Doha. Najwa ameanza kucheka. Arobaini yangu imeisha, na jana nilitoka nyumbani kwa mara ya kwanza.

Nilienda pale hospitali nilikojifungulia. Wenye maegesho walikuwa wametutumia ujumbe kwamba gari letu lililala hapo wiki nzima, tulipe. Nikamwinua mtoto kwenye dirisha la kibanda chao: "Na huyu alirudi nyumbani na nini, mabawa?"

Askari akacheka. "Pole mathe, kamera haikuwaona mkitoka." Wakalifuta deni.

Lakini nikauliza, kama tulitoka siku ile, wiki iliyofuata kamera ilimwona nani akitoka na gari letu? Wakanionyesha picha. Ni ndugu yako Nasrudin kwenye usukani, na kando yake yule dalali wa magari wa Lanet; alikuwa amelirudisha pale kumwonyesha, mbali na macho yangu. Na Nasrudin aliniapia kwamba gari halijatoka uani tangu atulete nyumbani. Alijua mzazi hachungulii nje kabla ya arobaini.

Gari likiuzwa, maandazi ya wanafunzi wa Njoro nitayapeleka kwa kichwa?

Niliporudi sikumgombeza Nasrudin. Nilimwomba tu ufunguo, nikaufunga kwenye leso. Lakini gari liko kwa jina lako, na dalali hapotezi siku yake kwa gari ambalo mwenyewe hajakubali kuuza. Kwa hivyo nakuuliza wewe kwanza, mume wangu, kabla sijamuuliza yeye: ulimtuma?

Kula vizuri. Nipigie wewe mwenyewe, usimpitishie Nasrudin jibu.

Mkeo,
Rumaisa