Muziki wa Mtu na Ng'ombe Wake

Kijiji cha Kibimba,
Ngara.
19 Agosti, 1979

Kaka yangu mpenzi Idefonsi,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakufikia ukiwa na afya, kidonda cha mguu kimefunga, na viatu vya jeshi vimeacha kukuchubua. Ukitaka kujua hali zetu, sisi huku tunapumua vizuri. Mama goti linamsumbua asubuhi lakini ikifika jioni analisahau, hasa akipata jirani wa kupiga naye soga. Baba ameniagiza nikuandikie kwamba kahawa imezaa ila magunia hayapatikani, na kwamba ukija usihangaike na zawadi, ulete sabuni. Mimi nasema ulete vyote viwili.

Evaristi wa Kabanga alipita hapa Jumapili iliyopita na anakusalimu sana. Alikuwa amevuka mpaka kwenda kwenye ubatizo wa mtoto wa binamu yake, na kule parokiani wakaonyeshwa filamu. Nilipomuuliza inahusu nini, kama kawaida yake alisema hakumbuki nani alimuoa nani, lakini muziki wote ameubeba kichwani. Anasema farasi wanapoteremka mlima ngoma hazipigwi zote. Inapigwa moja, nyingine zinangoja, na huko kungoja ndiko kunakomsisimua mtu mwili mzima. Nikamwambia ngoma zake zingoje hata hadi kesho, mradi fidla zipewe nafasi. Tulibishana mpaka Mama akatukumbusha kwamba mgeni hajala. Nimekunakilia nota zake nyuma ya karatasi hii. Kwangu ni kelele, lakini wewe na yeye siku zote mmependa kelele.

Sasa kaka, swali lako nimeliona. Umeniuliza katika barua tatu, na mara ya tatu umelipigia mstari: ile filamu ya mtu na ng'ombe inaitwaje? Unasema umezungumza na watu wa sinema huko Bukoba, nao wamekubali kuitafuta na kuileta kwa gari Nyakahura mwezi ujao utakapokuja likizo, ili mama yake Bulugu, yule mwenzako wa vitani, aione filamu ambayo marehemu mwanawe aliipenda. Umekwisha kumwandikia mama huyo na kumwahidi. Kinachokosekana ni jina tu, na jina unalitaka kwangu. Nitakujibu katika barua hii hii. Nivumilie nizunguke kidogo, maana miguu yangu ni mizito kufika huko.

Unakumbuka tulivyoanza? Ni ule mwaka tuliohamishiwa kijijini, nyumba bado za nyasi, gari la sinema likaja mara ya kwanza. Mbele ya shuka la kuonyeshea picha walikaa wazee na wageni wa ofisini. Sisi vijana wa kwaya tukasukumwa nyuma ya shuka, penye kipaza sauti. Tukaiona filamu nzima kinyumenyume, kila mtu akishika panga kwa mkono wa kushoto, nawe ukakaa mwezi mzima ukiwaeleza watu kwamba huko mjini wote ni mashoto. Ilikuwa filamu ya ugonjwa wa kahawa. Wadudu wanaguguna jani, na chini yake fidla zinalia kama msiba wa mtu mkubwa. Watu walisinzia. Sisi wawili tulikodoa masikio, kama masikio yanaweza kukodolewa, na kesho yake tukaandika tulichosikia kwa zile herufi za do, re, mi tulizofundishwa kwaya. Mwalimu Novatus alipozikuta nota za wadudu katika daftari la kanisa, aliuliza ni za misa gani.

Tangu hapo tukawa na sheria yetu, sisi wawili na Evaristi. Nyimbo za kuimbwa hatuzitaki, kila mtu anazo. Tunatumiana muziki ule tu unaopita chini ya picha wakati hakuna anayeimba. Wewe ulipenda pale unaponyamaza kabla ya jambo kutokea. Mimi nilipenda ile sauti ambayo hatukujua chombo chake, inayofanana na mtu anayepuliza chupa. Watu walituona vichaa, na sijui kama walikosea sana.

Vita ikaja. Uliondoka na mgambo mwezi wa kumi na moja, na mwezi wa kwanza nikapata barua yako kutoka porini. Hukuomba chakula wala fulana. Uliandika kwamba kinachokuchosha kuliko hofu ni kukaa kimya handakini, na kwamba kama gari la sinema limepita Kibimba nikutumie muziki wowote, hata wa filamu ya mbolea. Nilikutumia. Nikakuandikia kwamba limekuja na filamu mpya: mtu mmoja anarudi kwao na ng'ombe wake wa pekee, anafika mtoni, mto umejaa, na ng'ambo anaona moshi wa nyumba yao. Nikakuwekea na nota, sauti zote nne.

Yaliyofuata uliniandikia mwenyewe, na mpaka leo nikiyasoma nacheka peke yangu. Afisa wenu alifungua ile barua, akaona mistari ya d na m na s pamoja na nukta zake, akasema hizo ni siri za adui. Ukasimamishwa mbele ya kikosi ujieleze. Hukuwa na la kueleza ila kuimba, na ulipofika mstari wa pili Bulugu, ambaye hakujua nota hata moja, akaingia na besi kutoka alipokuwa amekaa akisafisha bunduki. Afisa alisikiliza hadi mwisho, akakurudishia karatasi, akauliza yule mtu alivuka au hakuvuka. Baada ya hapo kila barua yangu ilisomwa kwa kikosi kizima.

Nilituma vipande vinne. Katika vyote vinne yule mtu bado amesimama ukingoni na ng'ombe wake, mvua inanyesha, moshi wa ng'ambo unaonekana na kupotea, na muziki unabadilika kidogo tu. Mkaniomba mwisho. Kabla sijautuma, mwezi wa tatu, Bulugu akauawa, nawe ukaniandikia kwamba asubuhi ya siku ile alikuwa akiivumisha besi yake huku akifunga viatu. Nililia kaka, ingawa sikuwahi kumwona hata kwa picha.

Sasa nimefika. Kaka, hakuna filamu.

Gari la sinema halijakanyaga Kibimba tangu vita ianze. Lilichukuliwa kubeba unga wa askari. Yule mtu nimemtunga mimi, na ng'ombe, na mto. Muziki nao ni wangu wote, tangu nota ya kwanza. Ulinijia nikipalilia maharage, nikaacha jembe nikakimbilia ndani kuuandika kabla haujanitoroka. Sikuusikia popote wala sikuuiba popote.

Utauliza kwa nini sikusema. Nilipokuwa darasa la saba niliwaletea wewe na Evaristi muziki niliotunga mwenyewe. Mlicheka, kisha ukaniambia, "Huu ni wa Kibimba, hauwezi kukaa chini ya picha." Hukuwa na nia mbaya, na nadhani umesahau. Mimi sikusahau. Ulipoomba muziki kutoka handakini niliogopa kwamba nikikuambia ni wangu utaukunja uuweke mfukoni kwa kunionea huruma, na wewe wakati ule ulihitaji muziki wa kweli. Baadaye mlipoupenda nilifurahi kwa siri. Nilijivuna pia, nakiri. Nilipita njiani nikiwatazama watu na kusema moyoni, hawa hawajui kwamba kuna kikosi kizima kinaimba vitu vyangu. Bulugu alipokufa furaha ile ikanigeukia. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia kwa mama aliyefiwa.

Sikutaka ulazimike kumwambia wewe. Kosa ni langu, na aibu ilikuwa yangu kuibeba. Jumatano nilipata lifti ya lori la kahawa nikashuka Nyakahura, pale gulioni, nikaulizia kwa mama yake Bulugu. Nilimkuta nyuma ya nyumba akianika michembe, vile vipande vya viazi vitamu wanavyokausha Wasukuma. Nikapiga goti nikamwamkia kwa Kisukuma cha kubabaisha, mwadila mayu, akacheka akaniitikia. Alipojua mimi ni nani alinishika uso kwa mikono yote miwili. Akanitolea kitenge alichoazima kwa ajili ya siku ya sinema, akasema mwenyekiti wa kijiji amekwisha kuusafisha uwanja. Nikaona nikingoja mpaka nikaribishwe uji nitashindwa. Nikamwambia pale pale, mbele ya mwanawe mdogo Kazimili ambaye humsomea barua.

Akaendelea kugeuza michembe, kipande kimoja kimoja. Mwishowe akasema, "Kwa hiyo mwanangu alikufa amedanganywa."

Nikamjibu ndiyo, mama. Akanituma kisimani. Nilichota ndoo mbili, nikarudi nikijua kwamba sasa nitafukuzwa, na nilikuwa nimejiandaa kuondoka bila kinyongo. Badala yake akaniambia niimbe. Niliimba sauti ya kwanza, nikapumzika, kisha nikaimba ile besi peke yake, kwa kadiri koo la mwanamke linavyoweza kuishusha, maana nilijua ndiyo aliyoitaka. Alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza akamwagiza Kazimili alete barua ya mwisho ya kaka yake asome pale panapotajwa ng'ombe. Kazimili akasoma: "Mama, dada yake Idefonsi anatutumia filamu nzuri sana, lakini yule mtu ni mjinga. Kwa nini hashiki mkia? Ng'ombe anajua maji."

Nikauliza mkia gani. Mama yule alinitazama kwa huruma kama unavyomtazama mtoto asiyejua kujilisha. Akanieleza kwamba kwao mto ukijaa, mchungaji humtanguliza ng'ombe majini, akamshika mkia, naye ng'ombe akamvusha. Kila mtoto wa Kisukuma aliyechunga anajua hilo. Sisi watu wa migomba tungejuaje? Nimemsimamisha mtu wa watu mvuani wiki saba, anatazama moshi wa kwao na kulia, na kumbe wa kumvusha yuko naye hapo hapo, amemfunga kamba. Na kikosini wote mlikuwa mkihuzunika, isipokuwa Bulugu aliyekuwa akimsikitikia kwa ujinga wake. Mama yake alianza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini, na alipokwisha kukaa chini ndipo akalia, nami nikalia naye, na Kazimili akatuacha akaenda kuwatazama mbuzi.

Alipofuta uso aliniambia, "Basi mvushe."

Nilimvusha mchana ule ule, nikiwa nimekaa kwenye kigoda chake, yeye akinielekeza ng'ombe anavyoingia: kwanza anakataa, kisha ananusa maji, kisha anazama mpaka mgongo unapotea na mtu anadhani mambo yamekwisha, halafu pua inatokeza. Kila aliponieleza nilitafuta nota zake. Nimekuwekea mwisho huo katika karatasi ya pili. Utaona kwamba wanapoingia majini nimezinyamazisha sauti tatu zote. Inabaki besi tu, peke yake, nayo ndiyo inayokwenda mpaka ng'ambo.

Basi waambie watu wa Bukoba wasihangaike tena. Kama una hasira nami, una haki nazo. Ziandike zote, nitazisoma mpaka mstari wa mwisho, na sitajitetea. Lakini Nyakahura njoo siku ile ile uliyoahidi, kwa sababu mama yule amekataa kuifuta. Anasema amekwisha kuwaalika watu, na Msukuma haaliki halafu akafunga mlango. Nitasimama mbele yao niseme nilichokifanya, kisha Evaristi atapiga ngoma yake moja inayongoja, kwaya yetu itaimba, nawe utaeleza hadithi. Najua sauti yako ni ya tatu. Hata hivyo besi ile utaiimba wewe, jizoeze kuanzia leo, sitampa mtu mwingine.

Nilimweleza mama yule waziwazi kwamba hakutakuwa na shuka wala picha, kwamba hakuna kitu cha kuona. Amesema atavaa kitenge chake na atakaa mbele hivyo hivyo.

Baba na Mama wanakusalimu, na Mama anasema ule vizuri. Wasalimie wenzako wote waliorudi pamoja nawe, na mkiwa pamoja mwimbieni Bulugu karatasi ya pili. Mungu akulinde njiani mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako, mwongo wako, ninayekupenda,

Ernesta