Mafuta Yameisha Kona ya Mwisho

Mwenzangu uko hapo? Nimejifungia bafuni kwa hasira.

Si unajua lile shindano la gemu ya magari tulilokuwa tunafanyia mazoezi na mume wangu? Leo ndiyo fainali, rafiki zake wamejaa sebuleni.

Nusu ya kwanza nimeendesha mimi. Mafuta ya gemu ile ni ya kubana, kwa hiyo kabla ya kila kona naondoa mguu kwenye pedali, naliacha gari lijiendee. Nimemkabidhi usukani tunaongoza, na mafuta ya kutufikisha yapo.

Yeye kakanyaga mpaka mwisho ili washangilie. Nikamwambia, "Baba watoto, punguza, hayatafika." Hata hakunitazama. "Zamu yako imeisha. Niache."

Gari likazima kona ya mwisho. Mstari tunauona! Wapinzani wanatupita hivi hivi.

Sasa sikia. Akawageukia wenzake: "Nilipewa gari tupu. Mke wangu ndiye kamaliza mafuta."

Mbele yangu! Nimesimama pale pale!

Wakacheka. Mmoja akasema, "Shemeji, siku nyingine tuachie wenyewe."

Na unajua mimi nilijibu nini? Nilisema samahani.

Samahani! Halafu nikaenda kuwaletea maji ya kunywa.