Je, Mama Yake Kioo Alirudi?

Baba Wawira,

Usinicheke. Najua ungekuwa hapa ungeuliza, "Mwanamke, unamwandikia barua mtu ambaye hana hata sanduku la posta?" Nakuandikia kwa sababu jana nilishika maiki yako mbele ya watu wa Manyatta, na mtu ninayetaka kumsimulia ni wewe tu. Wawira anasema nilifanya vizuri sana. Mtoto wetu ana roho nzuri, lakini mimi sitaki kusifiwa, nataka kubishiwa. Nina kiu ya ubishi wako, mzee. Nyumba imekuwa na amani mpaka inachosha.

Na nakuandikia kwa Kiswahili, kama zamani zile. Kimeru changu cha Githongo kilikuchekesha, Kimbeere chako kikanichekesha mimi mpaka machozi, tukaona afadhali tupendane kwa lugha ya shule.

Wacha nikupe kwanza habari za kibanda. Tangu tukuzike kule kwenu chini Mbeere, kwenye mawe na miiba, kibanda cha video kilikuwa kimefungwa. Nikienda sokoni nilikuwa napita hapo nimegeuza uso kama mtu aliyekosana na jirani. Panya wamekula waya wa spika moja. Vijana siku hizi wanatazama filamu kwenye simu, kila mtu kivyake, ameziba masikio, hakuna wa kumgonga mwenzake bega na kumwambia, "Umeona hiyo?" Na sauti yako hakuna aliyeirekodi. Hata mmoja wetu! Watu wote hao na simu zao, miaka yote hiyo ukitutafsiria filamu, na hakuna aliyefikiria siku moja utanyamaza.

Basi wiki iliyopita Muriithi akaja nyumbani. Si unamjua, yule fundi wa pikipiki wa benchi la mbele, anayepinga kila kitu. Alikuwa ameshika flashi ya filamu kwa vidole viwili, mikono imejaa grisi. Akasema, "Mama Wawira, imetoka. Ile ya mwisho ya Kioo. Na hakuna mtu wa kutusimulia ila wewe." Nikamwambia aende zake. Hakwenda. Akasimama pale mlangoni akaniuliza lile swali, lile lile mlilokuwa mnaulizana kila Jumamosi: "Je, mama yake alirudi?"

Nikafunga mlango, nikakaa chini, nikalia. Kwa sababu sikujua. Uliondoka na jibu.

Unakumbuka ilivyoanza? Zile filamu za kwanza kabisa, Kioo alikuwa tayari mzee mkatili, amevaa kofia ya kioo, anazunguka angani na meli zake akinyonya mito ya sayari za watu mpaka zinabaki vumbi tupu. Jina lake la kizungu lilitushinda wote, ukambatiza hilo. Filamu haikusema lolote kuhusu utoto wake. Lakini wewe na kunyamaza wapi na wapi? Kila meli zilipopita polepole, muziki tu, bila maneno, wewe ulijaza. Ukasema Kioo alizaliwa kwenye sayari kavu, akalelewa na mama peke yake, na chungu kimoja. Siku moja mama akateleka chungu mekoni na maji ya mwisho, akachukua mtungi, akamwambia mtoto, "Nitarudi kabla hakijachemka." Hapo meli zilikuwa zimemaliza kupita, nawe ukarudi kwenye vita kana kwamba hukusema kitu.

"Alirudi?" mabenchi yote yanauliza.

"Ngojeni," unasema.

Tukangoja miaka! Hata akina mama waliokuja tu kununua chapati zangu pale mlangoni walikuwa wananiuliza mimi, ati kwa kuwa nalala na wewe lazima najua. Ningejua nini? Nilijua kwamba mama yako alikufa ukiwa mdogo, huko Mbeere, wakati wa kiangazi, na kwamba ukiulizwa habari zake unatoka nje kuangalia ng'ombe. Hatukuwa na ng'ombe.

Halafu wenye filamu wenyewe wakaamua kutueleza. Wakatuletea zile tulizoziita filamu za kabla: zimetoka baadaye, lakini zinasimulia yaliyotangulia. Jumamosi ile kibanda kilijaa mpaka watu wakasimama. Watu walikuwa wametoka kupeleka kahawa kiwandani, wengine wakitafuna majani ya muguka shavuni, wote wametulia. Ngai! Kumbe Kioo alilelewa kwenye jumba la kifahari lenye bwawa la kuogelea! Muriithi akaruka kama ameungua. "Zima hiyo! Huyo si Kioo wetu! Kioo alikuwa na chungu kimoja!" Watu wakapiga mabenchi, nikadhani televisheni inaanguka. Na wewe, bila hata kupepesa macho, ukasema kwenye maiki, "Anaota, nyinyi. Mtoto mwenye kiu mlitaka aote nini, mchanga?"

Filamu nzima ukaigeuza ndoto. Nilikasirika njia yote ya kwenda nyumbani. Nilikuambia kazi yako ni kutafsiri, si kutunga, na mtu akisema jumba basi ni jumba. Ukaniambia, "Na wewe mbona ulilia?"

Ubishi ule wa filamu za kabla haukuisha tena. Muriithi alikuwa na hoja zake za ufundi: mbona meli za zamani ni mpya kuliko za baadaye? Taa nyingi, vyuma vinang'aa, halafu tukija miaka ya mbele meli zimejaa kutu! Ukamjibu, "Kwani hapa kwetu barabara ilikuwa nzuri lini, zamani au sasa?" Kibanda kikaanguka kwa kicheko, lakini Muriithi hakukubali, na mpaka leo hajakubali. Akaleta na ile roboti: ilimbeba Kioo akiwa mtoto mgongoni, mbona baadaye inakutana naye haimjui? Ukamwambia ajaribu kusalimia mjomba wake aliye Nairobi, aone. Wawira ndiye alikuwa upande wako kwa dhati. Alisema zile za kwanza zinatuonyesha vumbi tu, lakini hizi za kabla zinatuonyesha majani yaliyokuwa hapo, na bila kuona majani utajuaje ni nini kimeliwa? Aligombana na Muriithi mpaka chai ikapoa.

Mimi niliwapinga wote. Nilisema na nitasema: mwisho tunaujua. Huyu mtoto anayecheka hapa atakausha dunia za watu. Sasa nikae nimwonee huruma ya nini? Ni kupoteza machozi bure.

Na wewe ukanijibu taratibu, si kwa ile sauti yako ya maiki. Ulikuwa unavua viatu mlangoni. Ukasema, "Mama Wawira, mtu usiyejua mwisho wake humwangalii. Unaona atakuwepo tu. Ukishajua mwisho wake, hata akicheka kidogo tu, unamwangalia vizuri."

Nikakuambia wacha maneno mengi, chakula kinapoa.

Ulipolazwa, daktari aliniita mimi kwanza kwenye kile chumba chake. Nilirudi wodini nikakaa kwenye kiti, nikakuangalia. Woi, Baba Wawira. Nilikuangalia vizuri. Namna ulivyopuliza uji kabla ya kunywa. Namna ulivyomtania muuguzi kwamba kofia yake ni ya rubani wa meli za Kioo. Vidole vyako vilivyokuwa vinashika ukingo wa shuka kama vinashika maiki. Miaka yote hiyo ndani ya nyumba moja, na sikuwa nimeona una kovu dogo nyuma ya sikio. Nilitaka kukuambia umeshinda ule ubishi, lakini kukuambia umeshinda ilikuwa ni kukuambia alichosema daktari. Nikakunyooshea shuka.

Asubuhi ile nikakuuliza, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuogopa. "Alirudi?" Ukacheka, pumzi kidogo tu. "Niletee uji kwanza, nitakuambia." Nikasema nakuja sasa hivi. Foleni ilikuwa ndefu huko chini ya ngazi. Nikarudi na kikombe kikiwa bado cha moto, na wewe ukawa umeondoka. Nilikaa na kile kikombe mkononi, sikujua nikiweke wapi.

Basi ndiyo hivyo. Jana nikafungua kibanda. Wawira alifagia, Muriithi akaunga waya wa spika. Nikaketi kwenye kiti chako, na hicho kiti, mzee, kina msumari! Ulikuwa unakaaje hapo? Watu wakaja, hata wale wa simu zao. Nilianza vibaya. Kiembu cha watu wa hapa kilinipotea, nikaingia Kimeru, wakacheka, nikawatukana kidogo, wakatulia. Tukaenda vizuri mpaka karibu na mwisho. Mama yake Kioo, kwenye gauni la dhahabu, anatoka mlangoni. Kioo, kijana sasa, yuko dirishani. Halafu jumba lile linawaka moto, meli zinapita polepole, muziki tu, na mama hatumwoni tena.

Muriithi hakupiga kelele. Aligeuka tu pale benchi la mbele. "Mama Wawira. Alirudi?"

Nilitaka kusema ngojeni. Lakini hii ilikuwa ya mwisho. Nikasema, "Alirudi."

Wee! Kelele ya jana ungeisikia huko uliko. Watu walikumbatiana, wazee na akili zao. Nami nikajisikia mkubwa. Lakini unamjua Muriithi, hawezi kuacha kitu kikae. Akangoja wanyamaze, akasema, "Ngoja kwanza. Kama mama alirudi, mbona mtoto akawa hivi? Hapo umeharibu, mama. Hapo haiingii akilini."

Kweli haikuingia. Kibanda kizima kikanigeukia. Meli zilikuwa bado zinapita, na nilijua zikiisha nimeshindwa, na wewe umeshindwa pamoja nami. Nikaitafuta sauti yako kichwani sikuipata. Nikapata tu ile ngazi ya hospitali, na kikombe.

Nikasema, "Alirudi, lakini njia ilikuwa ndefu. Chungu kilichemka, kikakauka. Mtoto alipoona kimekauka akatoka kwenda kumtafuta. Yeye akapita njia ya juu. Mama alikuwa anakuja na njia ya chini, mtungi umejaa. Wakapishana."

Meli zikazidi kupita.

Nikasema, "Kioo hataki maji ya mtu. Mama alimwambia anaenda mtoni. Sasa yeye anatafuta kila mto."

Meli zikaisha. Muriithi akavua kofia yake, akaikunja magotini. Halafu akasema polepole, "Sasa inaingia." Muriithi! Ungelipa nini kuona hiyo? Wawira alikuja akaketi sakafuni kando ya miguu yangu, yeye mwenye jina la mama yako na macho yako, akanishika kifundo cha mguu mpaka majina ya mwisho yakapita.

Sijui kama ndivyo ungesema. Labda wewe ulikuwa na jibu zuri kuliko hilo, au labda hukuwa na jibu lolote, ndiyo maana ulinituma uji. Mimi, mtu wa kukuambia usidanganye watu, nimewadanganya kuliko wewe, na sijuti. Ukiona nimekosea njoo ubishe. Njoo hata kwenye ndoto, uje na kelele zako zote.

Tutafungua kila Jumamosi, hilo nakuahidi. Tunaanza tena na zile za kabla, halafu ndiyo tuingie zile za zamani, kwa mpango uliotaka wewe. Nimekubali. Wawira atakuwa anarekodi.

Na kabla kiangazi hakijakaza nitakuja huko chini kukusalimu. Nitabeba maji, nimwagie ule mche tuliopanda kichwani pa kaburi lako, kwa sababu najua kwenu hakuna mtu wa kuumwagia. Nitakuja, Baba Wawira. Hapa kuna kazi, kuna mtoto, njia ni ndefu, huenda nikachelewa sana. Lakini ukiona nimechelewa, tafadhali, usitoke kunitafuta. Kaa hapo hapo. Nakuja.

Mimi,
Mama Wawira