Herufi Tatu Zilizoninyima Kiti

Jumamosi. Vumbi limejaa hadi kwenye meno. Mawingu yalikusanyika asubuhi juu ya mtaa wa Juru, yakatudanganya, yakaondoka. Nami nina hasira, na sitaki kuificha humu.

Tangu jana naitwa Mama Mort. Watoto wanaochota maji bombani wananiita hivyo, na hata hawajui kompyuta inavyowashwa.

Nitaeleza vizuri, maana hasira isiyoelezwa hugeuka matusi.

Katika kituo cha vijana hapa kambini Nakivale tuna chumba cha kompyuta. Mashine ni chache na nyingi zinazima zenyewe, ila moja ni nzuri. Tuliletewa ikiwa imetumika, na maandishi yake yote ni ya Kifaransa. Hiyo ndiyo ninayojifunzia likizo hii. Shuleni kwetu Mbarara tunagawana kompyuta moja wengi, na muhula ukifunguliwa tu tunaanza na mtihani wa vitendo. Nikikosa kiti kile, nitaingia kwenye mtihani vidole vikiwa vimesahau.

Funguo za chumba anazo Ya Fabrice, yaani kaka Fabrice. Ni mkubwa wetu, ametoka Uvira, Kongo, kama sisi, na aliwahi kukaa Mbarara kwenye kibanda cha watengeneza simu. Kwa hiyo watu wanamwita Ingénieur, mhandisi. Naye anaitika.

Jana nilichomeka flashi yangu, na muda mfupi baadaye mashine ikawa nzito. Nikafungua dirisha linaloonyesha programu zinazofanya kazi. Juu kabisa kulikuwa na jina moja linalokula nguvu yote: MRT. Ya Fabrice akainama nyuma yangu, akasoma, akaruka nyuma kama mtu aliyeona nyoka kitandani.

Kisha akawatangazia wote waliokuwamo: "Hii ni mort. Batu ya virusi banaficha tu ile herufi o, juu tusitambue."

Mort. Kifo. Chukua neno la Kifaransa, litoe irabu yake, na unabaki na herufi tatu zilizokuwa kwenye kioo. Nakiri kwamba kwa sekunde moja hata mimi nilishtuka. Halafu nikakumbuka somo, nikajaribu kueleza, lakini alikuwa ameshachomoa flashi yangu na kuitia mfukoni. Akaniita Mama Mort, akasema nimeleta kifo kutoka Mbarara, nisirudi humo. Wakacheka. Nikatoka.

Nyumbani mama hakunitetea. Alisema, "Mwenye funguo njo mukubwa," yaani ndiye wa kutiiwa, akaendelea kupepeta maharage.

Sikukubali. Leo pia sikubali.

Mwalimu wetu, Madam Kyomugisha, alitufundisha jambo hili wazi. MRT si kirusi wala mort; ni kifupi cha jina la Kiingereza. Ni chombo kinachokuja ndani ya kompyuta yenyewe, na huletwa upya pamoja na masasisho ya mfumo. Hupita kimyakimya, kikatafuta aina fulani za virusi zilizoenea sana, kikaziondoa. Kikifanya kazi, mashine inaweza kuwa nzito kwa muda, unakiacha kimalize. Si kinga kamili, kwa hiyo hakichukui nafasi ya kinga ya kudumu inayokaa macho siku zote. Na kwa kuwa wahalifu nao wanaweza kuiba jina lake, usiliamini jina. Madam alitania kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Askari akisimama kwa mlango yako, wewe usipige yeye, na usiachie yeye ingia. Uliza kitambulisho."

Sisi wakimbizi hatuhitaji kufafanuliwa zaidi habari ya kitambulisho.

Mchana nilirudi kituoni. Mlango ulikuwa umefungwa kwangu, basi nikasimama dirishani, kwenye wavu. Ndani walikuwa Ya Fabrice na Mama Divine, yule Mrundi mwenye kibanda cha unga, akingoja kuchapishiwa tangazo lake. Ya Fabrice alikuwa akijaribu kuifuta MRT kwa mkono, na mashine ilikuwa ikimkatalia ruhusa. Pembeni alikuwa amezima kinga yote, akijiandaa kuweka "dawa" ambayo rafiki yake alimtumia kwenye simu, bila kujua imetoka wapi.

Hapo hasira yangu ikageuka woga. Nyumba imeondolewa mlango, na mwizi anakaribishwa kwa jina la fundi.

Nikamwambia kupitia wavu, "Ya Fabrice, kabla ya kuiua, uiulize kitambulisho."

Akanijibu bila kugeuka: "Mama Mort, nenda ukapike."

Huyo mtu. Nilimchukia hadi shingo yake.

Mama Divine ndiye aliyechoka. "We Fabrice," alisema, "mufanyie huyo mutoto iyo kitu anataka, nami nipate karatasi yangu. Unga wangu uko peke yake na mbuzi."

Basi akafanya, kwa dharau, akibonyeza kwa kidole kimoja. Nilimwelekeza abonyeze jina kwa upande wa kulia wa kipanya, afungue mahali faili linapoishi. Likatokea kwenye folda ya System32, ndani ya Windows, mahali pake halisi. Nikamwomba aangalie sifa za faili, sehemu ya sahihi ya kidijitali. Ilikuwepo, ya kampuni iliyotengeneza mfumo wenyewe, na kompyuta ikasema ni halali.

Nikamwambia awashe kinga aliyoizima, kisha aandike mrt kwenye kisanduku cha amri, chombo kifunguke chenyewe. Kikafunguka na kichwa chake cha Kifaransa, na Ya Fabrice akapata nguvu tena, akigonga neno la mwisho kwa ukucha: "Soma. Malveillants. Inajisema yenyewe ni mubaya."

"Soma kuanzia mwanzo," nilisema. Yote pamoja yalisema: chombo cha kuondoa programu hasidi. Anajua Kifaransa kuliko mimi.

Akachagua uchunguzi wa haraka. Tukangoja. Nilikuwa nimeshika wavu, nikiona mbele yangu jinsi atakavyonifungulia mlango.

Kisha majibu yakaja: kirusi kimoja kimepatikana, kimeondolewa, mashine inahitaji kuwashwa upya.

Ya Fabrice akageuka, mara ya kwanza, akanitazama usoni. "Munaona? Virusi ilikuwa mule. Nani aliileta?"

Na Mama Divine naye akanitazama.

Nilidhani ukweli ukitoka utanifungulia mlango. Ukatoka, ukaninyooshea kidole. Nikawaambia kwamba chombo hiki kinaondoa, hakishitaki, na kwamba kila flashi ya nyimbo inayotoka mjini inachomekwa pale. Ni kweli. Lakini yangu nayo ilichomekwa pale.

Mashine ikabaki inangoja. Akauliza akiitazama keyboard, "Sasa nibonyeze fasi gani?"

Nilitaka kunyamaza. Nilitaka imfie mikononi. Naandika hili kwa sababu ni kweli.

Halafu nikamwambia: ahifadhi kwanza tangazo la Mama Divine, aiwashe upya, asasishe kinga, aiache ichunguze mashine nzima hata ikichukua saa nyingi. Ile dawa ya simu asiiguse. Na kuanzia sasa kila flashi ichunguzwe kabla ya kufunguliwa, ya yeyote.

"Tutaanza na yako," alisema. "Kesho, kisha ya ibada. Mbele ya batu yote."

Mama Divine akapata karatasi yake, akanipita pale nje akasema, "Unasemaga sana, wewe." Sijui kama ni sifa.

Mlango haukufunguliwa leo. Lakini MRT ipo, kinga imewashwa, na kwa mara ya kwanza mwenye funguo alifuata neno langu, hata kama lilipitia kwenye wavu.

Sijui flashi yangu ina nini ndani. Ikikutwa safi, nitadai kiti changu. Ikikutwa na kirusi, kitaondolewa, nami nitadai kiti changu vilevile.