Reli ya Kupanda Kibumba

Papa,

Jumapili meza yako inakuwa kitanda. Nimeona nikuambie mwenyewe, ingawa huko uliko sidhani kama kuna wa kukuletea umbea wa mtaa wetu wa Mabanga.

Shangazi Furaha amekimbia vita kijijini Kibumba na watoto wake. Wanalala sebuleni wamebanana. Wiki iliyopita aliingia chumbani kwako, akaitazama meza yenye treni yako, akaniuliza kwa upole: "Sasa batoto balale wapi?" Ningemwambia nini? Kwamba reli za waya na mabehewa ya makopo ya sardini vina haki kuliko watoto wa dada yako?

Ulikuwa mkali, Papa. Kwenye meza hiyo ulitaka Kalemie tu, kwa sababu ndiko ulikofanya kazi ya reli ujanani, na ulitaka treni tu. Niliomba tuweke mtu mmoja wa waya akisubiri kituoni, ukakataa. Nikachonga chukudu ndogo, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea viazi, ukacheka mpaka ukakohoa. "Goma haina reli, mutoto yangu. Usilete bongo, mambo ya uongo, ku meza yangu." Nikaifungia kwenye droo. Mabehewa uliniachia niyatengeneze, lakini injini hukuniruhusu hata kuifungua. Sasa umekwenda na ujuzi wako wote, na nina hasira nawe. Nakuambia wazi.

Tulikuzika Kibumba, kando ya mama yako, halafu njia ikafungwa. Sijarudi hata mara moja. Sijui kama msalaba wako bado umesimama. Shangazi naye hajui, aliondoka mbio.

Basi nikaanza kujenga. Nimeitoa reli Kalemie, nikaipitisha Mabanga, nikaipandisha mpaka Kibumba. Nimetwanga mawe ya volkano nikapata udongo mweusi. Kabichi nimezikata kwenye mfuko wa plastiki wa kijani. Watu nimewavika vipande vya kitenge, na chukudu nimeitoa kwenye droo. Vitu ambavyo sikuwa nikivijali, mteremko wa mlima, namna bati la paa linavyoshika kutu, sasa ndivyo ninavyowaza nikiuza sabuni sokoni. Mwisho wa reli nimeweka kaburi lako. Nilitaka treni ifike hapo kabla ya Jumapili. Mara moja tu, Papa.

Haipandi.

Nimebadilisha betri. Nimetoa behewa moja moja mpaka ikabaki injini peke yake. Inatoka Kalemie vizuri, inapita Mabanga, ikikuta mlima inaguna, magurudumu yanazunguka bure, inarudi nyuma. Jana jioni mota imetoa moshi. Nimeliita jina lako kwa sauti mpaka watoto wakaja mbio wakidhani nimeungua. Nifanye nini? Ulikuwa unaifanyaje? Kwa nini hukunionyesha?

Leo asubuhi nimelia weee, nikachoka. Macho yakaangukia chukudu yangu pale njiani. Vijana wa chukudu wakishuka kutoka Kibumba hupanda juu ya viazi wakapaa na upepo, lakini kwenda huko wanasukuma, mguu kwa mguu, jasho likiwatoka. Sijawahi kuona chukudu iliyopanda Kibumba yenyewe. Nikaweka kidole nyuma ya injini yako iliyoungua, nikaisukuma. Kwenye kona nikapumzika. Ikafika. Nimeiacha kaburini mpaka shangazi aliponiita kula.

Jumapili nitang'oa kila kitu mwenyewe, sitaki mkono wa mtu. Watoto watalala juu ya mbao zako, na nitawaambia zilikuwa za nani. Injini inabaki kwangu.

Pumzika, Papa yangu. Siku njia ikifunguka nitapanda Kibumba kwa miguu, nikuletee treni yako mkononi. Ukitaka kucheka, ucheke.

Mutoto yako,
Neema