Mtani Wangu Kabeba Kengele ya Kanisa

Mama mshauri, shikamoo, naomba unisaidie kabla sijamshitaki kwa liwali mtu ninayempenda. Mimi ni mwalimu wa dini, Mkatoliki, Mmakonde wa huku Newala, na jirani yangu Bwanali ni Myao, Mwislamu, mtani wangu tangu utotoni, nami kwa hamu ya kumshirikisha imani nikamwambia, "Bwanali, nyumba ya Mungu ni yako pia, ingia, chukua chochote," na wewe unajua mtani akichukua kitu, mwenye nacho haruhusiwi kununa, basi akaingia, akatazama huku na huku, akabeba kengele yetu, kile kipande cha reli tulichopewa Nachingwea, akaitundika kwenye mkorosho wake, na sasa kila Jumapili anaigonga yeye, mapema kuliko mimi, Wakristo wangu wakimkimbilia anawafukuza, "Kanisani kule! Mwalimu wenu bado anachana nywele!" na wavivu anawafuata hadi mlangoni akiwatania mbele ya wakwe zao, hata kanisa limejaa pomoni, jambo ambalo mahubiri yangu hayajawahi kulileta. Padri wa Lukuledi amesikia, anakuja Pasaka kumpongeza aliyewaamsha waumini na kumbatiza mwanangu, nami pongezi nimekwisha kuzipokea kwa barua, maana anadhani ni mimi. Juzi mke wangu Dominika alipojifungua, Bwanali akashuka bondeni kutuletea maji, debe kichwani kama wanawake, kijiji kizima kikimcheka, akalitua mlangoni, "Oga, mwalimu, padri anakuja." Nimechoka kudhalilishwa! Nifanyeje nipate kengele, naye aione imani yangu?

Mwalimu Selestini, Newala

Marahaba, mwalimu. Hongera kwa mtoto, ingawa hukuniambia hata kama ni wa kike au wa kiume.

Ulimwambia mtani achukue chochote. Ulidhani atachukua nini, rozari? Shukuru hakukubeba wewe. Na kwa liwali usiende, watakucheka mpaka wajukuu wako wazeeke.

Naona uchungu wako, lakini umeniandikia chuma, chuma, chuma, na maji umeyapitia juu juu. Mtu amepanda ule mteremko na debe kichwani, kazi inayokimbiwa na wanaume wote wa Newala, ili mkeo aoge, kisha akatia mzaha usije ukaona haya kuyapokea. Wewe unauliza aione vipi imani yako. Ya kwake umeiona? Umeioga!

Sasa nisikilize. Kesho chukua debe hilo hilo, ushuke bondeni mchana, watu wakuone, umpelekee mke wa Bwanali maji. Usihubiri njiani. Kengele mwachie. Padri akifika, mwambie mbele ya waumini ni nani anayeigonga, na zile pongezi uzirudishe kwa mwenyewe. Na maji ya kumbatiza mwanao, mwombe Bwanali ayalete. Atakutania mpaka ulie, lakini atayaleta.