Jiko la jua chini ya turubai
Pugu, Alhamisi usiku

Eti jiko la jua likae kivulini. Nimeoga, nimekula, na bado hasira hazijaniisha.

Watoto wangu wa darasa la tano wamehangaika wiki nzima kutengeneza jiko hilo kwa boksi la televisheni, wakibandika ndani yake karatasi za kung'aa za pakiti za sigara walizookota kituo cha basi. Jana mchana tuliliweka uwanjani na yai ndani, likaiva. Zuhura alilimenya, wakagawana vipande kama nyama ya Idi.

Leo mwalimu mkuu kaja kukagua meza za maonyesho ya sayansi ya kesho, zote chini ya turubai. Nikamwomba ya kwetu itolewe juani.

"Mgeni rasmi hawezi kusimama juani, mwalimu. Chemsheni yai nyumbani, mje nalo. Kwani nani atajua?"

Kasema hivyo mbele ya watoto. Mwaka mzima nawafundisha wasiandike jibu ambalo hawajaliona kwa macho yao, halafu mkuu wa shule...

Alipoondoka, Zuhura akaninong'oneza, "Sasa mwalimu, mgeni akiniuliza limeivaje, nimwambie nini?"

Nikamwambia yai la kesho nitakuja nalo mimi.

Mwalimu mkuu akikasirika anaweza kunitafutia uhamisho. Hilo naliogopa, sifichi. Lakini yai la kesho liko hapa mezani, bichi, na litaingia kwenye jiko hivyo hivyo, kivulini. Mgeni akiuliza limeivaje, nitalipasua mimi mbele yake.